Shemeji, Mzee Paskali Alisimama

Shemeji Vitusi,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Najua ulizoea kuniona nikiandika lebo za kaseti tu, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu ulisema mwandiko wangu wa kawaida unafanana na siafu waliomwagiwa maji. Leo nimekaa kwenye kiti chako chenye mguu mfupi, nimeuwekea kipande cha mbao, na ni mara ya kwanza tangu tukuzike nimeshinda katika chumba chetu cha kazi bila kulia. Ndiyo maana nimeona nikuandikie leo hii hii. Ningekuandikia siku za machozi ungenisema kwamba nakulowanishia karatasi.

Kwanza habari za nyumbani. Dada yangu Edita, mkeo, hajambo. Miezi ya mwanzo alikuwa anasonga ugali wa watu wanne wakati tumebaki watatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku hizi anapima sawasawa. Sijui niite habari njema au mbaya, nakuambia tu ujue. Kizito wenu yuko darasa la pili, ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka mdomo wazi bila haya, kama baba yake. Mimi bado sijaolewa, na kabla hujaanza utani wako, jibu ni lile lile: nikimpata mwanaume anayejua kukunja waya vizuri, nitafikiria.

Habari kubwa ni kompyuta. Ndiyo, shemeji, humu humu chumbani. Kaka yetu Deo ameileta kutoka Dar. Ofisini kwake walisikia kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote za zamani zitachanganyikiwa, wakaiogopa, wakamwambia achukue. Ikasafiri kwa treni mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka hapa Mpanda, imeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Nyuma ina kadi ya kunasia picha: unachomeka waya kutoka kwenye deki, unacheza kanda, na harusi inaingia ndani ya sanduku. Ungekuwepo ungeizunguka mara tatu, ukaigonga ubavuni na kusema inakunywa petroli kuliko lori. Inakunywa kweli. Jenereta letu linanung'unika mchana kutwa.

Nimejifunza kwa kitabu cha Kiingereza kilichopungua kurasa, na kwa kukosea. Zaidi kwa kukosea. Kosa mojawapo ndilo lililonikalisha hapa, na sina mwingine wa kumweleza ambaye atalielewa mpaka mwisho. Edita nilipomwanzia alisema, "Gaudensia, mimi nina maharage motoni."

Unaikumbuka harusi ya Tomasi, kule Ugalla? Tulishuka treni na jenereta, tukalisukuma kwa mkokoteni, gurudumu likachomoka, ukasema Mungu anatupunguzia mizigo. Miaka mitano imepita. Baba yake Tomasi alikuwa Mzee Paskali, yule mrina asali, mrefu, mkavu, anayeongea kama mtu anayelipia maneno. Watu walipokuwa wanacheza, yeye alikuja mpaka mbele ya kamera. Akamkabidhi mkewe kofia. Akafunga koti vifungo vyote. Akaweka mikono kwenye mapaja, akainua kidevu, akasimama. Hakupepesa. Alisimama kama anapigwa picha ya pasipoti, na kamera inarekodi, na kanda inakwenda.

Mimi nilikuwa nimeshika taa. Nikakunong'oneza, "Shemeji, mwambie hii ni video, atembee." Nawe bila kutoa jicho kwenye kamera ukanijibu, "Mtu amekuja kusimama mbele yako, we unataka atembee aende wapi?"

Nilicheka mpaka taa ikatikisika. Na haikuwa mara moja tu, shemeji. Kila harusi tuliyokwenda, Litapunga, Kasansa, hapa mjini, wazee walikuja kusimama vile vile, wakijua kwamba mtu akipigwa picha anatulia. Nawe uliwaacha wote. Hukumharakisha hata mmoja. Mimi niliita kupoteza kanda. Nilikuambia hivyo mbele za watu, siku moja, na hukunijibu, ukaendelea kufuta lenzi. Leo ndiyo nimepata jibu, na limenichapa kweli.

Wiki iliyopita alishuka kwenye treni Bibi Regina, mke wa Mzee Paskali. Nilimjua kwa kofia. Alikuwa ameivaa juu ya kilemba, kofia ile ile ya mzee. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa akafungua kanga na kunipa kaseti, lebo ina mwandiko wangu wa herufi kubwa. Nikaipokea, nikakohoa. Ilikuwa inanuka moshi mpaka ndani ya roho. Nikamuuliza alikuwa anaihifadhi wapi. Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. Aliihifadhi jikoni juu ya meko, kwenye kichanja, pamoja na mahindi ya mbegu. "Kitu cha thamani unakiweka wapi, mwanangu, kama siyo kwenye mbegu?"

Kwetu sisi sote mbegu zinakaa kwenye moshi, mdudu bungua asiziguse. Na kweli bungua hakuigusa ile kaseti. Ila joto lilikuwa limelipinda ganda lake, na kanda yenyewe imeshikamana na ina vumbi jeusi kama chini ya sufuria.

Mzee Paskali alifariki mwaka jana, miezi miwili baada yako. Jumamosi ilikuwa misa ya mwaka. Bibi alikuwa anataka picha moja tu, ya karatasi, ya kuweka mezani siku ya misa na baadaye kutundika ukutani. Picha pekee aliyowahi kupiga mzee ilikuwa ya kitambulisho, nayo iliungua na nyumba yao ya zamani. Hakuwa na haraka wakati anaeleza. Alimaliza maji, akageuza kikombe, akasema, "Macho yake nayakumbuka. Sauti naisikia. Pua imeanza kunitoroka. Nikilala nikiitafuta, napata ya kaka yake."

Shemeji, mimi mwenyewe juzi nilijaribu kukumbuka wewe ulikuwa unashikaje kikombe, kwa mkono gani. Nilikaa muda mrefu. Kwa hiyo yule bibi aliposema pua, nilimwambia nitaitoa, hata ikibidi niingie kwenye kaseti kwa miguu. Nilisema bila kuangalia kama naweza. Unanijua.

Treni ya kurudi Ugalla ilikuwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Edita akamwandalia Bibi kitanda cha Kizito, na mimi nikawasha jenereta.

Sasa nisikilize kifundi kidogo, maana wewe ndiye uliyenieleza kwanza na mimi sikusikiliza. Ulisema picha ya video siyo picha moja. Kamera inachukua kwanza mistari ya witiri, wa kwanza, wa tatu, wa tano, mpaka chini. Halafu inarudi juu kuchukua ya shufwa, wa pili, wa nne, wa sita. Televisheni inaisuka pamoja upesi mno, jicho haligundui. Kompyuta haina adabu hiyo. Ukisimamisha picha, inakuwekea mistari yote kwa mpigo, ya kabla na ya baada. Kama mtu alikuwa ametulia, mistari inakubaliana. Kama alikuwa anatikisika, kingo zake zinaota meno kama kitana.

Kuna filta ya kufumua mistari hiyo, na niliijua. Kuna filta nyingine ya kupunguza picha, na hiyo nilijiona naijua zaidi. Diski ya kompyuta yetu ni ndogo, saa tatu za harusi haziingii. Kwa hiyo filta ya pili inalinganisha kila picha na iliyotangulia, na ikiona hazitofautiani, inatupa hiyo iliyofuata. Nilipoigundua nilijipongeza kama niliyevumbua moto. Niliiwasha tangu kanda inapoingia, ili yasiingie makapi. Nilisema moyoni, shemeji wangu alikuwa fundi, lakini mimi ni fundi wa kisasa.

Ee, cheka.

Kanda ililia ilipoingia kwenye deki. Vichwa vya deki vilichafuka mara nne, nikasimamisha, nikasafisha kwa spiriti, nikaendelea. Ilipofika mwisho ilikuwa imechoka zaidi ya ilivyoanza. Sikujali, nilijua mzee yuko salama kwenye diski. Bibi Regina alikuwa ameketi kwenye gunia nyuma yangu, kofia magotini.

Nikamtafuta Mzee Paskali. Nikampata anacheza. Nikasimamisha picha, uso wote ukaota meno. Nikaweka filta ya kufumua, ile njia ya kuchanganya mistari, meno yakapotea, lakini mzee akawa na pua mbili, moja ya kabla na moja ya baada, zote zina ukungu. Bibi akasema kwa upole kwamba alikuwa na moja. Nikabadilisha, nikatupa mistari ya shufwa yote na kubakiza ya witiri. Pua ikawa moja, lakini nusu ya uso ilikuwa imekwenda na mistari iliyotupwa, na kilichobaki kilikuwa na ngazi ngazi kama kimechongwa na shoka butu. Nikageuza, nikatupa witiri nikabakiza shufwa. Yale yale. Njia ya tatu ni kompyuta kukisia yenyewe. Ilikisia. Ilimpa mzee pua ambayo hata kaka yake hana.

Siku nzima ya Jumatano niliimaliza hivyo. Nilimpata akitembea, akinywa, akigeuka, akimpa mtu mkono. Kila mahali anatikisika. Ndipo nikakumbuka: lakini alisimama. Nilimcheka mimi mwenyewe. Nikaenda mpaka pale. Naona meza ya keki. Naona mzee anaingia. Naona picha moja, anavuta koti, kichwa kimeinama, uso hauonekani. Picha inayofuata, bibi harusi anakata keki.

Nikarudisha nyuma. Nikapeleka mbele. Anaingia, ameinama, keki. Hayupo.

Nilikukasirikia, shemeji. Nakuambia ukweli kwa sababu umeshalala na huwezi kuninunia. Nilifikiri ulikubali maneno yangu ya kupoteza kanda, ukamkata kabla ya kuwapa kaseti ili kunifurahisha. Nikaona ni mimi nilimtoa kwa mdomo wangu. Nikamgeukia Bibi Regina, nikamwambia kwamba mahali pa kutulia hapapo, labda tulikumbuka vibaya.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Alisimama. Mimi nilikuwa nimemshikia kofia, mkono ukaniuma."

Mkono hauumi kwa kitu kisichokuwepo. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye mtungi uliopinduliwa, nikala muwa wote bila kuuonja. Na pale ndipo akili yangu ya kisasa ilipofunguka. Nilirudi mbio. Ile programu inaandika ni picha ngapi imetupa na wapi. Sikuwahi kuisoma, nilikuwa naona ni porojo. Nikasoma. Kwenye densi hakuna kitu. Kwenye maandamano hakuna kitu. Pale mezani, kundi zima la picha limetupwa kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, mia kadhaa.

Filta haikukosea. Nilikuwa nimeiambia imtoe yeyote asiyetikisika. Ikamkuta mzee mmoja wa Ugalla, ametulia kuliko ukuta, ikaona huyu anajirudia. Ikabakiza ile ya kwanza tu, alipokuwa bado anavuta koti, na zote alizoinua uso ikazitupa kama makapi.

Hukumkata. Nisamehe, shemeji. Nililia kidogo hapo, lakini ni kilio cha mtu aliyekuta ufunguo mfukoni baada ya kuvunja mlango.

Sasa nilitakiwa kuicheza kanda mara ya pili, na kanda yenyewe sikuiamini hata kwa hatua kumi. Nilimweleza Bibi kila kitu, kwamba kosa ni langu, kwamba ikikatika imekatika. Alifikiri kidogo akasema mume wake hakuwahi kuacha mzinga kwa kuogopa kwamba nyuki wanauma.

Alhamisi asubuhi tulifanya ulivyokuwa unafanya kanda zikilowana masika. Nilifungua ganda lililopinda, nikatoa magurudumu yake mawili, nikayahamishia kwenye ganda zima la kaseti tupu. Kabla ya kufunga, Bibi akawa anazungusha gurudumu kwa kidole polepole, mimi napitisha kanda katikati ya kitambaa laini, kivulini, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Nilitaka kumfundisha namna ya kuigusa, nikaona haya. Amekamua nta miaka arobaini, ile mikono inajua kushika kitu bila kukiumiza. Kitambaa kilikuwa cheusi tulipofika kwenye harusi yenyewe. Ilituchukua mpaka saa nane. Tulikuwa tunaongea habari zako. Anasema ulikula asali na masega yake, ukameza nta, ukadai ni dawa.

Nikazima filta zote mbili. Nikatafuta pale pale tu, dakika tatu, diski inazimudu hizo. Kanda ikaingia, ikalia, kioo kikajaa chenga, mistari ikapanda na kushuka, nikaona meza inapinda kama moshi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti chako mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu chenga zikatulia.

Akaingia. Akavuta koti. Akainua kidevu.

Akasimama.

Bibi Regina aliinuka kwenye gunia. Alisimama na yeye, kofia kifuani, muda wote mzee aliposimama, na bibi harusi alipokuja kukata keki ndipo akakaa.

Nilirudi pale katikati nikasimamisha picha. Shemeji, hapakuwa na jino hata moja. Sikufumua chochote. Witiri na shufwa zilikubaliana mstari kwa mstari, kwa sababu kati ya moja na nyingine mtu yule hakuwa ametikisa hata nywele. Na kwa vile alinipa picha nyingi zinazofanana, nikachukua kadhaa nikazipandanisha. Chenga hazikai mahali pamoja, uso unakaa, kwa hiyo chenga zikafifia na uso ukabaki. Vifungo vya koti vilihesabika. Kovu dogo juu ya nyusi, ambalo mimi sikulijua, likatokea. Ile pua ikakaa mahali pake, pana kidogo, imeelekea kushoto.

Bibi aliileta pua yake mwenyewe karibu na kioo mpaka nikamvuta nyuma. Akaigusa kwa kidole. Akasema, "Ndiyo yeye. Na amenuna hivyo hivyo."

Nikaiweka kwenye flopi, nikapanda baiskeli mpaka ofisi ya parokia wanakochapa matangazo, wana printa ya rangi. Katibu aliuliza huyu ni askofu wa wapi. Nilifurahi, shemeji. Nilifurahi kiasi kwamba nilipokuwa narudi nilianza kupanga maneno ya kukusimulia, nikafika karibu na soko ndipo nikakumbuka kwamba hupo nyumbani. Haikuniangusha kama siku nyingine. Niliendelea tu kupanga maneno.

Jioni, wakati wa kumenya mihogo, Bibi alitaka nimweleze tena ilikuwaje mume wake akapotea na akarudi. Nikamweleza polepole, kwamba ile filta inamtoa mtu aliyetulia. Akamenya kipande kizima. Halafu akauliza, "Na wengine uliowatoa?"

Edita akanitazama. Kisu changu kikasimama.

Kwa sababu wako, shemeji. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi acha niseme. Mwezi wa nane nilimtengenezea Mama Nestori wa Kasansa harusi ya binti yake, ile kanda uliyopiga masika ya mwisho. Niliipitisha kwenye filta ile ile, nikaifupisha, nikabandika muziki juu yake, nikairudisha kwenye kaseti mpya. Alipoipokea aliuliza mbona ni fupi. Nikamwambia ndiyo usasa huo, mama. Kaseti yako ya asili nilikuwa nimeiweka kwenye rundo la kufutwa, niirekodie upya. Ilikuwa inasubiri zamu. Tena rundo zima, kaseti kumi na moja.

Hiyo ya Kasansa nimeicheza jana. Kuna wazee sita mle, pamoja na baba yake Mama Nestori kwenye kiti, ameshika fimbo, anakutazama wewe moja kwa moja. Kwenye kaseti niliyompa, hayupo. Na nimesikia kwa watu wa lori kwamba yule mzee alizikwa mwezi uliopita.

Ijumaa ile nilikwenda na Bibi Regina mpaka Ugalla. Edita alinisukuma, alisema nikale asali kwa niaba yako. Jumamosi walitandika kitambaa cheupe, wakaweka picha mezani na mshumaa kila upande. Watu walikuja kuitazama mmoja mmoja kabla ya misa. Kaka wa marehemu, yule mwenye pua ya kukopeshwa, alisimama pale muda mrefu akatoka bila kuaga. Tomasi na mkewe wana mtoto wa miaka mitatu anayeitwa Paskali. Hakuna aliyemtuma. Alipita kati ya miguu ya watu, akafika mezani, akaona mzee aliyenuna anamtazama, akafanya alivyofundishwa kufanya kwa mkubwa yeyote. "Shikamoo, babu."

Mtoto akasubiri. Unajua wanavyosubiri, hawaondoki mpaka waitikiwe.

Bibi Regina, kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akaitikia kwa sauti nzito ya kiume, sauti ya mzee mwenyewe, fupi, kama ya mtu anayelipia maneno. "Marahaba."

Watu walicheka, shemeji. Walicheka, kisha wengine wakajifunika kanga. Mtoto aliridhika, akaenda kucheza.

Basi hiyo ndiyo habari, na sasa jenereta linakata pumzi. Kaseti zako zote kumi na moja nimeziandika HAZIFUTWI, kwa herufi kubwa, na kumi zimerudi kabatini. Moja, ile ya Kasansa, iko kwenye mfuko wangu wa safari. Jumatatu nikipata lori naenda Kasansa. Nitasema kosa langu kwa Mama Nestori nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanikaribisha kiti, maana nikishakaa na kupewa chai nitaanza kulipamba. Akinifukuza nitaiacha kaseti kizingitini. Asiponifukuza, nitakodi televisheni ya shule, nitakaa naye, na nitamwonyesha baba yake amekaa na fimbo yake, mpaka atakapotosheka yeye.

Pumzika, shemeji yangu. Nilikuwa naona kazi yetu ni kushika waliokuwa wanacheza, na wewe miaka yote ulikuwa unaniwekea hawa wengine bila kunibishia. Nimewaona. Sitampunguza mtu tena.

Ni mimi shemeji yako,
Gaudensia